Flashi za wateja zinageuka shotikati kila siku, nimesafisha mara nne virusi wanarudi, kumbe mlango niliuacha wazi mwenyewe

mzee_wa_rimu
Wakuu habari za usiku. Uzi utakuwa mrefu ila kama una steshenari, au una mdogo wako chuoni anazurura na flashi moja kwenye kila mashine anayokutana nayo, vumilia usome, maana hii kitu imenila mwezi mzima na kuna wateja wamenihama hivihivi nawaangalia.

Nina kasteshenari jirani na chuo hapa Morogoro. Mashine tatu, mbili za kuchapia na kuprinti, ya tatu ya zamani imekaa pembeni inahudumia ile mashine kubwa ya fotokopi. Msimu wa ripoti za fildi ukifika ni flashi juu ya flashi, na hapo ndipo ilipoanzia. Mtu anachomeka, anaona folda zake zote zimeota kale kamshale kadogo, kila moja kilobaiti moja au mbili. Akibonyeza inafunguka kama kawaida, ndio maana wengi hawashtuki. Kumbe ile shotikati inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaiita wscript (programu ya Windows ya kuendesha skripti) iwashe skripti ya .vbs iliyojificha humohumo kwenye flashi, halafu ndio inakufungulia folda yako halisi ambayo imefichwa. Wewe unaendelea na mambo yako, mwenzio ameshahamia kwenye mashine.

Kosa langu la kwanza nalisema kwa aibu. Dogo mmoja wa mwaka wa tatu alileta ripoti yake, nikaona shotikati tupu, nikamwambia hii flashi imekufa ngoja niifomati. Nikafomati. Ripoti ilikuwa humo na nakala nyingine hana. Sikulala. Bahati nzuri ilikuwa fomati ya haraka na hatukuandika kitu juu yake, nikashusha PhotoRec ikarudisha mafaili, ila yanarudi bila majina yake, ni f na tarakimu nyingi halafu docx, tukakaa mimi na yeye tunafungua moja moja mpaka saa nne usiku tukaipata. Kwa hiyo mtu akikwambia shotikati dawa yake kufomati, mkimbie. Mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu.

Sasa mbona nikisafisha wanarudi? Mara ya kwanza nilisafisha flashi nikaiacha mashine. Kazi bure, maana skripti ikishawaka inakaa inazunguka, kila baada ya sekunde chache inaangalia kuna flashi mpya? ipo? inajinakili humo, inaficha folda, inatengeneza shotikati. Unafuta zote, unageuka kuchukua rimu, ukirudi zipo. Mara ya pili nikasafisha mashine moja nikasahau nyingine. Mara ya tatu nikasafisha zote mbili nikajiona bingwa, kesho yake asubuhi ya kwanza tu, shotikati. Ilikuwa inatoka kwenye ile ya fotokopi, ambayo mimi kichwani nilikuwa siihesabu hata kama kompyuta, naiona kama sehemu ya mashine ya fotokopi tu, kumbe ina Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuitunza tangu Januari 2020 na kijana wangu anachomeka flashi humo siku nzima.

Mara ya nne nikasafisha zote tatu siku moja. Wakarudi. Hapo nikakaa chini.

Nikafungua Defender, ile antivirus inayokuja na Windows yenyewe, kwenye mashine yangu ya kazi, nimeiskani mara ngapi sijui inasema salama, hakuna tatizo. Nikawa napekua mipangilio tu nimechoka, nikafika kwenye ile orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse, kwenye Windows ya Kiingereza imeandikwa Exclusions. Nikakuta mstari mmoja. C:\

Yaani diski nzima. Mlinzi ameajiriwa, kavaa na sare, halafu kaambiwa nyumba hii usiiangalie. Na hakuna wa kumlaumu, niliiweka mimi. Mwaka jana nilishusha programu ya kudizaini kadi za harusi, ya kraki (iliyovunjwa kufuli ya malipo), na maelekezo yake yalisema kabisa zima Defender kwanza halafu weka C kwenye Exclusions ndio ukubali kuinstoo. Nikafanya kama nilivyoambiwa kama mtoto wa chekechea. Na hata kama hukuweka wewe, virusi wengine wanajiandikisha humo wenyewe, kwa hiyo nenda kaangalie sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Utaratibu ulionisaidia ni huu, na mpangilio wake ndio dawa yenyewe. Mashine kwanza, flashi mwisho.

Toa flashi zote, chomoa waya wa mtandao unaounganisha mashine. Nenda Exclusions futa usichokijua. Fungua Task Manager (orodha ya programu zinazokimbia), ukiona wscript.exe inakimbia na wewe hujawasha kitu chochote, iue. Angalizo, wscript yenyewe ni mali ya Windows, usiende kuifuta, unachotafuta ni skripti inayoitumia. Halafu bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, angalia kama kuna kifaili cha .vbs au shotikati usiyoijua, futa. Rudia na %appdata% na %temp%, humo ndio wanapopenda kulala. Kisha kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows, unalifungua kwa regedit), HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, utakuta mstari unaoita lile lile faili, futa huo mstari tu, usianze kufuta vingine kwa hasira. Usisahau Task Scheduler, wengine wanajipangia zamu huko. Kama unaona yote hayo ni mzigo shusha Autoruns ya Microsoft wenyewe, bure, inakuonyesha kila kinachowaka pamoja na Windows sehemu moja, na zile zenye rangi ya waridi ambazo hazina mtengenezaji anayejulikana ndio uanze nazo.

Ukimaliza hapo apdeti Defender halafu piga ile skani ya Offline. Mashine inajizima inawaka kabla Windows haijaamka, inaskani kama robo saa hivi. Ile ndio skani, maana virusi bado hajaamka kujificha. Kwenye ile yenye Windows 7 ilibidi niwashie flashi ya Kaspersky Rescue Disk (antivirus inayowasha mashine bila Windows), na hiyo flashi itengenezee kwenye mashine safi, sio kwenye mgonjwa.

Sasa ndio flashi. Zima AutoPlay (ile ya flashi kujifungua yenyewe), chomeka, USIIFUNGUE kwa kubonyeza bonyeza. Fungua cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike, yangu ni F angalia yako ni herufi gani:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*
del F:\*.lnk

Ya kwanza inafichua folda, ya pili inafuta shotikati za nje. Halafu futa kwa mkono lile faili la .vbs litakaloibuka. Msije mkaipiga hiyo attrib kwenye C, kule kuna vilivyofichwa kwa sababu zake.

Siku ya kumi na moja leo. Hakuna aliyerudi. Ulizeni.

Kipanga_wa_Ilala
Mkuu hongera kwa kuandika kitabu lakini yote hiyo ya nini? Piga Windows mpya dakika arobaini shughuli imeisha. Mi mashine ikikohoa tu napiga Windows, sina muda wa kuwinda vifaili.

mzee_wa_rimu
Mkuu Kipanga, hilo nilishalifanya kwenye mara ya pili, fundi kala elfu thelathini yangu. Windows mpya inasafisha C. Mafaili ya wateja uliyoyahifadhi D, ile sehemu nyingine ya diski, yako palepale na ile .vbs yake, na zile flashi nane kwenye droo nazo ziko palepale. Unamaliza kupiga Windows, kitu cha kwanza unachomeka flashi kuinstoo madereva. Umerudi ulipotoka na elfu thelathini huna.

Sikatai, kuna wakati kupiga upya ndio jibu, hasa ukigundua mtu ameshaingia ndani. Na hawa wa .vbs sio wa kuficha folda tu. Kuna jamii inaitwa Jenxcus, wengine wanaiita H-worm, ilisambaa sana kwa flashi mpaka Microsoft wakaenda mahakamani 2014 kukamata majina ya mtandao iliyokuwa inatumia kuwasiliana na wenyewe. Ile ikikaa kwenye mashine kuna mtu huko aliko anaweza kuituma kazi, ishushe programu nyingine, ichukue faili. Shotikati ni makelele ya mlangoni tu, mwizi yuko chumbani. Kwa hiyo ukishasafisha badilisha paswedi zako, na uzibadilishie kwenye simu au mashine nyingine safi, usibadilishie kwenye hiyohiyo kabla hujamaliza.

Chelule_cyber
Salamu kutoka Kericho. Boss hii shida tuliikuwa nayo sana hapa cyber, watu wa kuapply HELB (mkopo wa wanafunzi) na KRA (mambo ya kodi) wanakuja na flash disk zimejaa hizo shortcut. Sisi tuliweka Deep Freeze. Customer afanye anachotaka, ukirestart mashine inarudi vile ilikuwa asubuhi, hakuna kitu inabaki. Tangu tuweke hiyo mambo ya kuclean tulisahau kabisa.

mzee_wa_rimu
Kaka wa Kericho karibu. Deep Freeze kwa saiba ya watu kujihudumia wenyewe ni nzuri na naiheshimu. Ila tuseme yote. Kwanza ile mashine kabla ya kurestart bado inaambukiza, mteja wa saa mbili asubuhi anaacha virusi, hujarestart, wa saa tatu, wa nne, wa tano wote wanaondoka nao, na jioni wewe unarestart unajisikia msafi. Pili, kikiwepo kinachoiba paswedi kinaiba ndani ya zile saa tatu, hakihitaji kulala kwako. Tatu, kuna partisheni huwa mnaiacha wazi ili kazi za watu zisipotee, sivyo? Hapo ndipo anapohamia.

Chelule_cyber
Hapo kwa D umenishika 😂 sisi D iko thawed, yaani Deep Freeze haiigusi, na ni kweli kuna folder moja hapo watu wanasave CV. Acha nicheki. Kwa kurestart, hiyo tutafanya kila customer akitoka, si ni dakika moja tu.

nuru_wa_maktaba
Shikamoo mzee wa rimu. Mimi nimepiga attrib kama ulivyosema, shotikati zimeisha lakini folda zangu hazijaonekana, naona kuna folda moja tu haina jina, haina kitu chochote pale kwenye jina, ni pameachwa wazi. Niifute? Naogopa.

mzee_wa_rimu
Marahaba binti yangu. USIIFUTE, mali yako yote imo humo. Huyo ni wa aina nyingine kidogo, jamii ya Gamarue ambayo wengine wanaiita Andromeda. Yeye hafichi folda moja moja, anatengeneza folda ambayo jina lake ni alama ya nafasi tupu, ndio maana unaona hakuna jina, anahamishia vitu vyako vyote humo halafu nje anakuachia shotikati moja yenye jina la flashi. Ingia humo taratibu, hamisha folda zako uzirudishe nje, ukibakiwa na vifaili vya ajabu ajabu usivyovijua hivyo ndio uviache na ufute na folda yake.

Kwa taarifa tu, mtandao wa huyo Andromeda ulivunjwa mwishoni mwa Novemba 2017, FBI na Europol na wenzao waliungana. Lakini flashi hazijapata hiyo barua. Shina limekatwa, mbegu ziko kwenye droo za watu mpaka leo.

nuru_wa_maktaba
Nimevipata vyote!! Asante sana, Mungu akuzidishie. Kwenye mashine ya hosteli nilikuwa nimeshaambiwa nifomati.

Kipanga_wa_Ilala
Sawa mmenyamazisha. Swali, sasa wateja utawakatalia flashi? Maana ndio biashara yenyewe.

mzee_wa_rimu
Hapo ndio nilitaka tufike. Kumkatalia mteja huwezi, na kumwambia mwanafunzi flashi yako chafu ni kumfukuza. Nilichofanya nimetoa mashine moja iliyokuwa imekufa kazi, ya RAM giga 4, nikaiweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), ndio imekaa kaunta. Flashi zote zinaingilia hapo tu. Hizo .vbs na shotikati za Windows kule hazina wa kuziwasha, zinakaa kama picha, na folda ambazo Windows imezificha kule mara nyingi unaziona kama kawaida tu. Kijana anachukua docx au pdf ya mteja peke yake, anaituma kwenye folda ya pamoja, mashine ya kuprinti inaichukua. Hakuna flashi inayogusa mashine za ndani. Nimeziba mpaka tundu za USB za mbele kwa selotepu, kijana wangu alidhani natania.

Pdf nyingine naprinti hapohapo kwenye Mint. Za Word hapana, mistari inahama, mtu ana jedwali lake limekaa vizuri unamharibia, bora zifunguliwe kwenye Word yenyewe. Na Word ikikuuliza kwa ule utepe wa njano juu uwashe makro (vijiprogramu vilivyomo ndani ya faili) kwenye faili la mteja, usiwashe, ripoti ya fildi haihitaji makro.

Mashine za Windows zenyewe nimezifanyia vitu vitatu. Kijana anatumia akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Nimewasha zile herufi za mwisho za majina ya mafaili zionekane, maana ukiwa huzioni "barua.pdf.exe" utaiona ni barua.pdf. Na nimezima Windows Script Host kabisa, unaenda HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings unaweka DWORD (aina ya thamani ya namba) inayoitwa Enabled thamani yake 0, ukibonyeza .vbs inakwambia imezimwa. Ukiwa na programu ya kazi inayotumia skripti hizo italalamika, mimi sina.

Wengine wanatuma kwa WhatsApp au imeili, sawa, ila wakifungua WhatsApp kwenye mashine yako hakikisha wanatoka. Nimekuta za watu watatu ziko wazi. Hiyo ni mada nyingine.

mpemba_halisi
Mimi yangu mbona tofauti. Si shotikati, picha zote na madaftari ya duka yamebadilika mwisho wa jina, yameongezwa herufi nne nisizozijua, hayafunguki, na kila folda ina faili linaitwa _readme.txt linadai dola 980, eti nikiwahi ndani ya saa 72 nitalipa 490. Kuna mtu ananambia nimtumie laki mbili anifungulie. Jamani nifanyeje, ni hesabu za miaka miwili.

mzee_wa_rimu
Pole sana ndugu yangu. Laki mbili usitume kwanza. Hao ni virusi wa kufunga mafaili na kudai fidia, familia ya STOP, wengine wanaiita Djvu, na niseme ukweli sio hadithi ya attrib hii, mafaili yamefungwa kwa ufunguo. Siku hiyo hukushusha kraki au aktiveta (kile cha kuifanya programu ionekane imelipiwa) ya kitu? Karibu kila mtu niliyemwona nayo imemwingilia huko.

Chomoa intaneti. Usifute lile _readme wala mafaili yaliyofungwa, nakili yote kwenye diski ya nje uyahifadhi. Fungua _readme uangalie ile namba yako ndefu ya utambulisho mwishoni kabisa. Ikiishia na t1 maana yake ilikosa kuwasiliana na wenyewe ikatumia ufunguo wa akiba, ule unaofanana kwa watu wengi, na huo ukishapatikana kwa mmoja unafungua na kwa wengine. Emsisoft, kampuni ya antivirus, wana programu yao ya bure tangu Oktoba 2019 unaijaribu. Ikiwa haiishii t1 na ni toleo jipya, ufunguo ni wako peke yako na wanao wao tu, na huyo wa laki mbili hana.

Ila usikate tamaa kwenye vikubwa. Huyu kwa haraka zake anafunga mwanzo wa faili tu, kama kilobaiti 150 za kwanza. Kifaili kidogo cha Excel ndio kimeliwa chote, lakini zip kubwa ondoa zile herufi za mwisho ujaribu kuifungua na 7-Zip (programu ya bure ya kufungua zip), mara nyingi vinatoka vyote kasoro vile vya mwanzo. Video nazo kuna programu za kuzitengeneza.

Chelule_cyber
Na ucheki pia kama ulikuwa unatuma hizo books kwa mtu, accountant ama nani, kwa email ama WhatsApp. Sisi kuna customer tulimsaidia hivyo, kila kitu alikuwa ametumia brother yake kwa email bila kukumbuka.

mzee_wa_rimu
Naam, hiyo nzuri kuliko zote nilizosema. Na paswedi zako zote badilisha kwa simu, mpaka za imeili, maana huyo huwa anakuja na mwenzake wa kuiba paswedi, hasa zile ulizozihifadhi kwenye brauza. Benki ukiwa nayo humo anza nayo.

mpemba_halisi
Inaishia t1. Mikono inatetemeka. Naishusha hiyo Emsisoft kwa mashine ya jirani, na kweli ilikuwa aktiveta ya Office, juzi ijumaa. Kuhusu imeili, za mwaka jana nilimtumia mhasibu zote, nimeziona.

Kipanga_wa_Ilala
Mzee wa rimu samahani natoka nje ya mada kidogo. Jana nimepiga Windows mpya kama kawaida yangu, safi kabisa, kisha nikaweka aktiveta ile ninayotumiaga siku zote. Nimeenda kuangalia hiyo Exclusions sasa hivi kwa kujifurahisha tu.

Ipo. C:\

mzee_wa_rimu
Hahahaha. Mashine ina siku moja mkuu! Itoe, piga Offline, halafu niambie umekuta nini. Na hiyo flashi unayotembea nayo ya Windows umeipigia mashine ngapi za watu?

Kipanga_wa_Ilala
Usiniulize hilo. Nianze kupiga simu.